Sentensi Zenye Pengo: Ngeli za Kiswahili na Maandishi ya Programu za Kompyuta

Mwaka jana mwalimu mmoja wa shule ya msingi alifika ofisini kwetu na simu yake mkononi. Hakuja kwa ajili ya istilahi. Alikuja kumwona ndugu yake anayefanya kazi katika jengo letu, lakini aliposikia kwamba humu ndani wamo watu wanaoshughulika na maneno akaomba kuuliza swali. Alikuwa ameomba mkopo kwa njia ya programu ya simu. Alipeleka taarifa zake zote pamoja na picha ya kitambulisho, na baada ya dakika chache akapata jibu la neno moja: "Umekataliwa." Alitaka kujua ni nani aliyemkataa, na kwa kosa gani.

Tulipoipekua programu ile pamoja naye tuliona kwamba hakuna aliyemkataa. Kilichokataliwa ni picha ya kitambulisho, kwa kuwa ilikuwa na ukungu. Lau angepiga picha nyingine mahali penye mwanga, ombi lake lingeendelea. Lakini yeye alikuwa amekwisha kata tamaa, na wiki mbili zilizopita alikuwa amekopa kwingine kwa masharti magumu zaidi.

Neno lile halikuwa na kosa la tahajia, wala mtafsiri hakukosea maana ya kitenzi. Kosa lilikuwa katika herufi moja ya mwanzo. Kiambishi u- katika Kiswahili hubeba mizigo miwili: ni alama ya nafsi ya pili umoja, na ni alama ya majina kama mkopo, mkataba, ujumbe na ukurasa. Mtafsiri alipopewa neno la Kiingereza lenye maana ya kukataliwa alifikiria mkopo, akaandika "umekataliwa", na kwa mkopo alikuwa sahihi kabisa. Programu ikalichukua neno hilo hilo ikalibandika chini ya picha, chini ya ombi, na hata chini ya jina la mdhamini. Picha ilistahili "imekataliwa", ombi "limekataliwa" na mdhamini "amekataliwa". Msomaji asiyeona kichwa cha habari juu ya neno hilo atalipokea kwa nafsi yake, kama alivyofanya mwalimu wetu, na hatuwezi kumlaumu.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba makosa ya namna hii hayatokani na uzembe wa watafsiri, kama inavyosemwa mara nyingi katika mikutano yetu, bali hutokana na jinsi maandishi ya asili yanavyotungwa. Vilevile tutasema wazi kwamba sehemu ya lawama ni yetu sisi tunaotoa orodha za istilahi.

Watu wengi hudhani kwamba mtafsiri wa programu hukaa mbele ya kompyuta akaona dirisha zima, kisha akaliandika upya kwa Kiswahili. Sivyo. Mtafsiri hupewa jedwali. Upande mmoja pana maneno na vipande vya sentensi za Kiingereza, upande wa pili pana nafasi za kujaza. Neno linalofuata linaweza kuwa la dirisha jingine kabisa. Chombo kinachotumiwa sana katika programu huria, kiitwacho gettext, ambacho mradi wa GNU uliwapa watu katika miaka ya 1990, huyachukua maandishi ya Kiingereza kuwa ndiyo ufunguo wa tafsiri. Maana yake ni kwamba neno moja la Kiingereza likitokea mahali kumi hutafsiriwa mara moja tu, na tafsiri hiyo hupelekwa pote kumi, isipokuwa mwandishi wa programu awe ameweka alama ya kutofautisha muktadha. Alama hiyo ipo, tena ni rahisi kuiweka. Lakini mwandishi anayefikiri kwa Kiingereza haoni haja yake, kwa sababu katika lugha yake neno "new" ni lile lile kwa faili, kwa picha na kwa mtu. Sisi tunasema faili jipya, kitabu kipya, picha mpya, mtumiaji mpya. Na kwa wingi mafaili mapya, vitabu vipya, picha mpya, watumiaji wapya. Mtafsiri aliyepewa nafasi moja ya kujaza afanye nini? Akiandika "mpya" atakuwa amepatia kwa baadhi na kukosea kwa wengine. Akiandika "-pya" kwa kistari, kama kamusi zifanyavyo, atakuwa amemwandikia mwananchi sarufi badala ya kumwandikia Kiswahili.

Neno pekee lina taabu yake, lakini lililo baya zaidi ni sentensi yenye pengo. Hii ni sentensi ambayo mwandishi wa programu ameiacha wazi mahali pamoja ili mashine yenyewe ipachike jina la kitu wakati wa kazi. Huandika pengo, kisha neno la kufutwa, akaridhika kwamba kwa sentensi moja amepata sentensi mia. Kwa Kiingereza ni kweli. Kwa Kiswahili jina halikai katika sentensi peke yake. Huacha alama yake katika kitenzi, katika kivumishi, katika kimilikishi na katika kionyeshi. Mtu akiondoa "faili" katika sentensi "faili lako jipya limefutwa" na kupachika "picha", hajabadilisha neno moja, amevunja maneno matatu. Sentensi ya Kiswahili si kabati la kutoa kitu na kutia kingine. Tungependa kuifananisha na mkeka: ukiuchomoa ukindu mmoja, mingine yote hulegea.

Wenzetu wa lugha nyingine wanalo tatizo la jamii hii. Kifaransa kina jinsi mbili za majina, kwa hiyo faili huandikiwa neno la kufutwa kwa namna moja na picha huongezewa herufi moja mwishoni, ingawa masikio hayasikii tofauti. Kiarabu hubadili na kitenzi chenyewe. Katika Kipolandi umbo la jina hufuata hesabu: faili moja lina umbo lake, mafaili mawili hadi manne yana umbo jingine, na matano yana umbo la tatu. Mfano huu wa Kipolandi umo katika mwongozo wa gettext wenyewe, na chombo hicho kimewekewa njia ya kuushughulikia. Ni muhimu kulikumbuka jambo hili, kwa sababu linaonyesha kwamba mashine haina ukaidi. Ilipoelezwa kuhusu hesabu za lugha za watu, ilijifunza.

Kwa upande wa hesabu, Kiswahili kimekwisha pata nafasi yake. Katika hazina ya kanuni za lugha inayotunzwa na jumuiya ya Unicode lugha yetu imepewa maumbo mawili, moja la kitu kimoja na jingine la vitu vilivyobaki, na hayo yanatutosha. Hata hivyo tarakimu hudanganya. Kwenye skrini "mafaili 3" na "picha 3" hazionyeshi tatizo lolote, maana 3 ni 3. Programu inayosoma kwa sauti, kama zile zinazowasaidia wasioona, au ile sauti inayotuitikia tunapopiga simu kwa mashirika, haiwezi kujificha nyuma ya tarakimu. Yapasa itamke "mafaili matatu" na "picha tatu". Nani kati yetu hajasikia "una ujumbe mbili"? Tunacheka, kisha tunazoea, na watoto wanaojifunza lugha kutoka kwenye simu hawajui kwamba kulikuwa na la kucheka.

Kuhusu jinsi za majina, zipo programu zilizojitahidi. Programu ya MediaWiki, ambayo ndiyo inayoendesha Wikipedia, ina njia ya kumwezesha mtafsiri kuandika sentensi kwa namna tofauti kufuatana na mtumiaji kuwa mwanamume au mwanamke, au kama hakusema. Kwa Mwarabu ni msaada mkubwa. Kwetu ni dawa ya ugonjwa tusiokuwa nao. Asha amebadilisha picha yake, Juma amebadilisha picha yake: Kiswahili hakiulizi zaidi ya hapo. Swali letu ni la vitu, wala si la watu, na swali hilo wabunifu wa programu nyingi hawajawahi kuulizwa. Wanaposoma katika vitabu vyao kwamba lugha zina jinsi mbili au tatu, huhesabu kwamba wamemaliza.

Yafaa tuwaambie kwamba tunachohitaji si kikubwa. Msomaji wa Kizungu akisikia kwamba Kiswahili kina ngeli nyingi huingiwa na hofu, na sisi wenyewe tumeichochea hofu hiyo kwa kubishana hadharani juu ya idadi yake. Lakini kwa maandishi ya skrini upatanisho wa kitenzi kwa umoja ni wa viambishi vitano tu: a-, u-, li-, ki- na i-. Kwa wingi ni vitano vingine: wa-, i-, ya-, vi- na zi-. Ngeli za mahali na za vitenzi-jina hutokea mara chache mno katika vitufe na taarifa. Mashine inayoweza kukumbuka anwani za watu elfu kumi haitashindwa kukumbuka viambishi kumi.

Vyombo vinavyoweza kufanya kazi hiyo vipo hivi sasa. Mfumo wa Fluent, ambao Mozilla waliutoa katika toleo lake la kwanza kamili mwaka 2019, humruhusu mtafsiri kuambatanisha sifa na istilahi, kwa jina analolichagua mwenyewe. Anaweza kuiandikia istilahi moja kwamba ngeli yake ni li-, nyingine kwamba ni ki-, kisha sentensi ikachagua kitenzi chake kwa kuitazama sifa hiyo. Mwandishi wa Kiingereza hahitaji hata kujua kwamba jambo hilo limefanyika. Kanuni mpya za ujumbe za Unicode, ambazo zilikamilishwa mwaka 2025, nazo zinaruhusu sentensi kuandikwa kwa njia kadhaa kufuatana na sharti linalowekwa. Upungufu unabaki pale ambapo jina linalopachikwa halitoki katika orodha ya programu bali limeandikwa na mtumiaji. Mashine haiwezi kujua ngeli ya kitu ambacho mtu amekipa jina dakika ile. Hapo hapana budi neno la jumla litangulie: "faili liitwalo" kadha limefutwa, na kitenzi kifuate neno "faili".

Lakini watafsiri wetu wengi hawafanyi kazi kwa vyombo hivyo vipya. Wanafanya kazi kwa majedwali ya zamani, na wamebuni mbinu zao ambazo hazijapata kuandikwa mahali pamoja. Tunazitaja hapa kwa heshima, kwa maana zinaonyesha ujuzi wa lugha kuliko hotuba nyingi. Wamegundua kwamba "hakuna" humeza jina lolote bila kulalamika: hakuna faili, hakuna ujumbe, hakuna picha. Mahali pa "-ote", ambalo hudai yote, wote, vyote au zote, hutumia "kila", ambalo halidai kitu. Kitu kisichopewa jina hukiita "bila jina", wakakwepa lisilo, isiyo na kisicho. Wamegundua tena kwamba vivumishi vingi vilivyotoka Kiarabu havivai viambishi, kwa hiyo "sahihi", "batili", "maalumu", "binafsi" na "wazi" hukaa vema baada ya jina lolote. Na mahali pa neno "new" katika kitufe wengine huandika "Unda", wakafanya kivumishi kuwa amri, na kazi ikaisha.

Mbinu hizi ni nzuri kwa kadiri zinavyofuata Kiswahili cha kawaida. Ziko nyingine ambazo hatuzipendi. Kuna inayotumia jina la tendo: "Ufutaji wa faili umekamilika", "Ufutaji wa picha umekamilika". Kisarufi haina dosari, kwa sababu kitenzi kinakubaliana na "ufutaji", nao haubadiliki. Lakini soma maneno hayo kwa sauti utasikia mlio wa tangazo la ofisi, na mtu aliyefuta picha ya mbuzi wake hahitaji kutangaziwa ukamilifu wa ufutaji. Kuna nyingine inayomfanya mtumiaji kuwa mtenda: "Umefuta faili", "Umefuta picha". Hii ni fupi na safi, na tungeisifu kama isingekuwa na hatari mbili. Kwanza, humtwika mtumiaji tendo ambalo pengine limefanywa na mashine yenyewe. Pili, kati ya "umefuta" na "umefutwa" pana herufi moja tu. Katika skrini ndogo, mbele ya mtu mwenye haraka, herufi hiyo ndiyo tofauti kati ya kufanya kazi na kufanyiwa.

Wapo wanaosema kwamba tunajisumbua bure, na kwamba ingetosha kutumia i- na zi- kwa kila kitu. Husema kwamba watu wa mijini wanasema hivyo, na kwamba katika baadhi ya sehemu za Kongo upatanisho umekuwa mwepesi zaidi na watu wanaelewana. Hatuna ugomvi na namna watu wanavyozungumza kwao. Lakini programu zinazohusika ni za benki, za hospitali, za kodi na za mitihani, nazo husomwa na watu ambao hawamwoni anayezungumza nao, wala hawawezi kumwuliza alikuwa na maana gani. Upatanisho ni njia ya Kiswahili ya kuonyesha kitu gani kinasemwa. Dirisha likiwa na mkopo, ombi na picha kwa pamoja, maneno "limekubaliwa" na "imekataliwa" humwambia msomaji mara moja kwamba ombi limepita na picha ndiyo yenye kasoro, hata kabla hajainua macho kutazama kichwa. Ukiyafanya yote kuwa i- umemnyang'anya msaada huo. Zaidi ya hayo, mfumo wa i- kwa wote hutufikisha kwenye "mteja imefutwa" na "mgonjwa imehamishwa", ambayo tumeyaona kwa macho yetu. Mtu kuitwa kwa kiambishi cha kitu ni jambo ambalo mzee yeyote wa Kiswahili atalihesabu kuwa tusi, hata kama aliyelitamka ni mashine.

Sasa tugeukie kwetu. Orodha nyingi za istilahi tulizozitoa, tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vya Baraza la Kiswahili la Taifa katika miaka ya 1970 na 1980, zimekuwa za pande mbili: neno la Kiingereza na neno la Kiswahili. Kwa mtafsiri wa kitabu zilitosha, kwa kuwa yeye mwenyewe hutunga sentensi na sikio lake humwongoza. Kwa mtafsiri wa programu hazitoshi. Yeye anahitaji kujua ngeli, tena kwa uamuzi mmoja, maana kazi yake hugawanywa kati ya watu kadhaa wasioonana. Chukua neno "faili" lenyewe, ambalo tumelitumia humu kana kwamba halina shaka. Wapo wasemao faili hili na mafaili haya, na wapo wasemao faili hii na faili hizi, na wote ni wasemaji wazuri. Mtafsiri wa kwanza akifuata wale na wa pili akifuata hawa, mtumiaji atafungua faili lake na kuifunga. Sisi tumechagua li- na ya-, lakini uchaguzi wetu katika makala si amri, na pasipo uamuzi ulioandikwa kila kundi litaendelea na lake.

Suala la nenosiri na nywila lafundisha zaidi. Maneno haya mawili yanatumika leo kwa kitu kimoja, na tumeshiriki katika mijadala mirefu juu ya lipi lina asili bora. Katika mijadala hiyo hakuna aliyesimama akasema kwamba nenosiri ni li- na nywila ni i-. Matokeo yake tuliyaona katika programu moja ambayo wenyewe waliamua kubadili istilahi baada ya kazi kumalizika. Waliiagiza kompyuta iondoe "nenosiri" kila lilipo na kuweka "nywila". Kompyuta ikatii, na skrini ikasema: "Nywila lako limebadilishwa." Mabadiliko ya istilahi ambayo kwa Mwingereza ni kazi ya dakika moja, kwetu ni kazi ya kupitia upya kila sentensi ambamo neno hilo limo. Baraza linalotangaza kwamba neno fulani limeachwa na jingine limechukua mahali pake lapaswa kujua kwamba linawapa watu kazi hiyo.

Tumekuwa tukijaribu, kwa hiyo, kuandika kadi za istilahi kwa namna nyingine. Kadi ya "kipanya" haina tena maneno mawili tu. Inaonyesha kwamba kifaa hiki ni ki-, na wingi wake ni vipanya. Inaonyesha kwamba hakichukui a- ya wanyama ingawa jina lake limetokana na mnyama. Na inatoa sentensi mbili kamili, "kipanya kimeunganishwa" na "hakuna kipanya". Kadi ya "ujumbe" ilituchukua alasiri nzima, kwa sababu wengine kati yetu hawakukubali kwamba jumbe ni wingi unaofaa, na wengine hawakukubali neno hilo kukaa bila wingi katika kifaa ambacho kazi yake kubwa ni kuhesabu ujumbe. Tuliandika "jumbe", zi-, kwa kura moja. Kadi ya "akaunti" ilimalizika kwa dakika tano.

Wasomaji wanaofanya kazi hii wizarani, mashuleni na katika mashirika wanaweza kutusaidia kwa jambo moja. Mkikutana na sentensi ya skrini iliyoharibika, msituletee neno lile tu. Nakilini sentensi nzima, pamoja na kichwa kilichokuwa juu yake na kitu mlichokuwa mkikifanya kabla haijatokea, kwa sababu bila hayo hatuwezi kujua pengo lilikuwa wapi. Mwalimu wetu alituletea neno moja, na kama asingekuwa na simu yenyewe mkononi, tungemwambia kwamba amekataliwa.